Baridi ya Chumba cha Maziwa

8 Aprili

Leo nimekabidhiwa funguo za Bet Laban. Ndivyo majirani wa hapa Gurei, pembeni mwa Juba, wanavyopaita kwa Kiarabu chao cha Juba, yaani Nyumba ya Maziwa, ingawa sijakutana na mtu aliyewahi kunywa maziwa yake. Palijengwa na Mgiriki mmoja enzi za Waingereza. Alifuga, akauza maziwa mjini, akaondoka. Baada yake wamekaa wanajeshi, kisha mbuzi, kisha popo. Sasa Abdiwahab, Msomali wa Garissa mwenye duka la jumla mtaa wa Hai Jalaba, amepakodi. Anataka kununua maziwa kwa wafugaji wa Kimundari na kuyauza hotelini.

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati mpaka mashine ya kupoza maziwa ifike, mvua zikiisha. Aliniajiri kwa sababu nilimwambia natoka Kitale na babu yangu alikamua ng'ombe wa settla wa Kizungu. "Basi Cyril, wewe hii kitu iko kwa damu," akasema. Nilikubali kabla sijapaona.

Nimepaona. Nyumba kubwa ina baraza pande tatu, kuta za mawe ya mlima wa Jebel Kujur, na paa lililooza. Nyuma yake kuna jiko lililojengwa peke yake, lenye dohani. Halafu zizi refu la kukamulia, sakafu yake imeinamishwa kidogo ili mkojo utiririke wenyewe. Halafu banda la ndama. Na mwisho, kando ya vyote, chumba cha maziwa.

10 Aprili

Siku nzima nimekuwa kwenye chumba cha maziwa. Sikutakiwa. Nilitakiwa kupima nyumba kubwa.

Nusu ya chumba iko ardhini, unashuka ngazi tano. Kuta ni mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake pana nafasi ya mkono. Madirisha ni madogo na yote yanatazama kaskazini. Paa lake ndilo zima kuliko yote kiwanjani. Kwenye mgongo wa paa kuna paa dogo jingine lililoinuliwa, na chini yake uwazi mrefu. Joto linapanda, linatokea pale, na hewa mpya inaingia kwa matundu ya chini. Nilirusha vumbi la chokaa kuona kama ni kweli. Lilizunguka kidogo, likasimama, kisha likapanda lote kwenda kwenye ule uwazi kama limeitwa.

Pitia, fundi wetu wa mawe, mtu wa kabila la Bari aliyejifunza Kiswahili kambini Uganda, alinikuta nikitazama juu. "Ustaz," akasema, "mimi iko naona wewe unapenda nyumba ya ng'ombe kuliko bibi yako." Nikamwambia sina bibi. Akasema basi sasa anajua kwa nini.

11 Aprili

Kumbe hatuko peke yetu. Kwenye banda la ndama wanakaa wanawake wawili. Mmoja ni Adhel, Mdinka, umri kama wangu. Amekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Wa pili ni mama mkwe wake, Nyakuma, Mnuer, mzee sana, mwembamba kama ufito. Kila mtu anamwita Haboba, yaani bibi kizee. Mume wa Adhel, Gatkuoth, anafanya kazi kwenye majahazi ya mizigo yanayoshuka Nile kwenda Malakal. Hurudi mvua zikiisha.

Nilidhani Mdinka na Mnuer ndani ya banda moja, kwa vita vya makabila yao, watakuwa hawaongei. Pitia akacheka. "Hawa wanagombania chumvi tu."

Abdiwahab amesema wakae, mradi wasizuie kazi.

15 Aprili

Jioni Haboba huwasha samadi kavu ya ng'ombe mlangoni mwa banda na kukaa ndani ya moshi wake mpaka asionekane. Macho yangu yaliwasha nikiwa mbali. Adhel anasema amelala hivyo tangu utoto, kwenye kambi za ng'ombe, na pasipo moshi hapati usingizi.

19 Aprili

Mvua ya kwanza. Fupi.

2 Mei

Banda la ndama linavuja kila mahali. Pitia lazima aling'oe paa lote. Nikafikiri pa kuwaweka. Nyumba kubwa haina paa. Jiko limejaa sementi, na sementi haiwezi kuhamishwa mvua zinyeshe juu yake. Nikaamua chumba cha maziwa. Ndicho kikavu kuliko vyote, ndicho kizuri kuliko vyote, na mashine haitafika mpaka Oktoba.

Nilibeba mkeka wa Haboba mwenyewe. Alisimama ngazi ya juu akagusa ukuta, akasema maneno kwa Kinuer. Adhel akatafsiri huku akicheka: "Anasema hii ni nyumba ya mtu mkubwa, na yeye hajafanya lolote."

Niliwapa sharti moja: ndani hakuna moto. Tumepaka chokaa mpya, moshi utaiharibu, na maziwa hushika harufu kuliko kitu chochote, hilo babu alinifundisha. Adhel akasema hakuna shida, Ustaz, umetusaidia. Nililala vizuri.

3 Mei

Mvua.

14 Mei

Nimegundua kitu. Ile nafasi kati ya kuta mbili si ya hewa tu. Chini yake kuna mfereji uliofunikwa na udongo, unazunguka chumba chote. Nimeufuata mpaka nyuma, kwenye birika la mawe lililojaa takataka. Birika linapokea maji ya paa. Mgiriki alikuwa anayapitisha maji ya mvua kuzunguka maziwa yake, halafu yanatoka kwenda kwenye hori la kunyweshea ng'ombe. Hakuna tone linalopotea. Sijawahi kuona akili ya namna hii kwenye mawe.

Kesho Pitia anazibua.

20 Mei

Unafanya kazi. Leo mvua ilinyesha asubuhi, birika likajaa, nikafungua kizibo cha birika na kusikia maji yakizunguka ukuta. Kufika saa nane, nje jua linachoma mpaka mbwa wamejificha, ndani unatamani sweta. Nilimpigia simu Abdiwahab nikamwambia Mgiriki alikuwa na friji kabla ya friji. Alicheka mpaka akakohoa. Pitia sasa analala mle mchana, karibu na mlango, Adhel anamruka akipita.

Nilimuuliza Adhel wanaonaje. Akasema watu wote wa Gurei wanapepea kwa magazeti na wao wanajifunika shuka. Aliona fahari. Na mimi pia.

28 Mei

Haboba ameomba moto. Adhel alikuja kuniambia kwa haya, akichora chini kwa kidole cha mguu. Mdogo tu, akasema, wa kuota miguu. Nikamkumbusha chokaa. Akasema ndiyo, anajua, alimwambia lakini ni mzee.

6 Juni

Safari hii Haboba alikuja mwenyewe, akiwa amejifunika kanga mbili, Adhel nyuma yake. Aliongea kwa utaratibu, akinitazama. Adhel akasema anaomba tena moto, anasema ukuta unamtemea baridi.

Nikasema, "Juba hii, Haboba? Baridi utaitoa wapi?"

Pitia na vijana wake walicheka sana. Adhel alicheka akatafsiri. Haboba naye akacheka, nadhani kwa sababu sote tulikuwa tunacheka.

Nikaongeza kwamba nitamtafutia blanketi.

7 Juni

Blanketi, zito, la kijivu. Alilishika mikono miwili akanitemea mate kidogo kichwani. Adhel anasema ni baraka.

15 Juni

Mvua. Nyumba kubwa imeanza kupata mapao mapya.

16 Juni

Mvua. Haboba ana kikohozi.

17 Juni

Mvua. Watu wengi wanakohoa msimu huu. Pitia pia.

29 Juni

Nilishuka kuangalia rangi ya chokaa upande wa mkeka wa Haboba. Ukuta unatoa jasho. Nilipitisha kidole na kikaloa mpaka kwenye kiungo. Nilikifuta kwenye suruali nikapanda. Niliandika kwamba chokaa ya pale itahitaji kurudiwa, na ndilo jambo pekee nililoandika.

7 Julai

Naandika yote ya leo kwa mpangilio, kwa sababu kuna mahali nilinyamaza na nataka nipaone.

Asubuhi Adhel aliniita. Haboba alikuwa anapumua haraka kama mtu aliyekimbia, na mwili moto. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka kliniki moja ya mtaa wa Gudele. Daktari ni dada wa kutoka Homa Bay, anaitwa Roselyn. Alifurahi kusikia Kiswahili, akatania kwamba sisi Waluhya, wapenda kuku, tumejaa Juba mpaka kuku wanatukimbia. Kisha akaweka kifaa mgongoni mwa Haboba na utani ukaisha. Mapafu, akasema. Malaria hakuna.

Alimtundikia dawa. Halafu akageuka akauliza, akitazama kati yangu na Adhel, "Analala wapi? Pana unyevu?"

Mimi ndiye niliyejua jibu. Ndiye niliyeufungulia unyevu, nikausikiliza ukizunguka, nikapiga simu kuusifu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Adhel akawahi, akanyoosha mkono kunielekeza mimi, kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima. "Sasa analala pazuri, daktari. Pakavu kabisa. Bwana huyu alitutoa banda linalovuja akatupa nyumba ya mawe."

Roselyn akanitazama kwa wema. "Mungu akubariki, ndugu yangu. Wengi hapa hawana hata mabati." Akaandika dawa za kwenda nazo nyumbani.

Nilikuwa na nafasi. Alipofunga kalamu nilikuwa nayo, alipotusindikiza mlangoni nilikuwa nayo, na kwenye bajaji nilikuwa nayo pia, ingawa pale ingekuwa kwa Adhel. Nilimshika Haboba asiyumbe kwenye mashimo ya barabara. Alikuwa mwepesi, blanketi lilikuwa zito kumshinda. Tulimrudisha kwenye mkeka uleule.

8 Julai

Nimeziba mfereji kwa magunia ya mchanga, maana kizibo kinavujisha. Nimemwambia Pitia ni ukaguzi. Hakuuliza. Nilitegemea aulize.

Sikuwaambia wanawake.

20 Julai

Haboba ameketi nje juani leo, akala uji. Nilijisikia kama mtu aliyesamehewa na mtu asiyejua kosa. Kuta bado hazijakauka. Mawe mazito kiasi hiki yakishashiba maji hukaa nayo.

Nimewaza kuwahamishia jikoni. Tatizo ni sementi.

26 Julai

Adhel ameniletea mahindi ya kuchoma. Amesema amemtumia Gatkuoth salamu kwa simu za watu wa jahazi na kumweleza habari zangu. Nilimwomba asimwambie mengi. Alidhani ninanyenyekea.

1 Agosti

Abdiwahab amepiga simu. Kesho analeta wageni wawili, wenye hoteli, waone chumba kinavyopoa bila umeme. Nilimwambia mfereji una matengenezo. Akasema, "Cyril, walahi, nimewaambia watu juu ya hiyo friji yako. Usiniaibishe."

3 Agosti

Jana asubuhi nilitoa magunia mwenyewe. Niliwaza: kwa saa mbili tu. Nilimwomba Adhel amkalishe Haboba nje kwenye baraza wageni wakija, na mkeka ukunjwe. Birika lilikuwa limejaa. Wageni walishuka, wakaweka viganja ukutani, wakashangaa. Abdiwahab alinishika bega mbele yao. Alisema bila mimi pale pangebaki magofu. Nilieleza kuta mbili, matundu, uwazi wa juu, maji. Nilieleza vizuri sana. Wakati naeleza sikumkumbuka Haboba hata mara moja.

Kisha Abdiwahab akataka twende sote kula Hai Jalaba. Nilisema nina kazi ndogo ya kumalizia. Akasema kazi haikimbii, wageni ndio wanakimbia. Ningeweza kumwambia Pitia arudishe magunia. Lakini ingebidi nimwambie kwa nini. Niliingia kwenye gari.

Tukiwa bado mezani mvua ikaanza, ile ya kupiga mabati mpaka watu wanaacha kuongea. Njia ya kurudi Gurei ikafurika. Nilimpigia Pitia, simu haikupatikana. Nililala dukani kwa Abdiwahab juu ya magunia ya mchele, nikisikia maji yote ya Juba na kujua ni wapi yanazunguka.

Nimefika leo asubuhi kwa miguu. Mfereji ulikuwa umejaa mpaka unavuja kwa ndani. Mkeka ulikuwa umelowa kwa chini. Adhel alikuwa amemkalisha Haboba mapajani ngazi ya tatu, mgongo kwa kifua, akimsugua mikono. Alimpandisha pale maji yalipoingia. Nje hawakuweza kutoka kwa mvua. Midomo ya Haboba ilikuwa na rangi ya majivu.

"Ustaz," Adhel akasema, "pole, umetembea kwenye matope yote haya kwa ajili yetu."

Nilimwita Pitia na vijana. Tulihamisha sementi kutoka jikoni kwenda kwenye baraza, tukaifunika kwa turubai. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Ile sementi niliyoitaja tangu Mei.

Tukamleta Haboba jikoni. Nikaenda mwenyewe kwenye kambi ya Wamundari nyuma ya Gurei nikanunua samadi kavu, kapu zima, nikaibeba kichwani, watoto wakinifuata wakicheka. Kuwasha sikujua, Adhel akanisaidia. Moshi ulipomfikia, Haboba alifumbua macho. Alivuta pumzi kidogo, akakohoa, akavuta nyingine. Alisema neno moja. Adhel hakulitafsiri na sikuuliza.

Roselyn amekuja kwa bodaboda jioni. Amesema tusimpeleke popote. Hakuuliza tena analala wapi.

5 Agosti

Anapumua. Nimemwambia Pitia auzibe mfereji kabisa, kwa mawe na sementi. Akasema, "Si ulisema ni akili ya ajabu?"

9 Agosti

Haboba amefariki leo, alfajiri, jikoni, moto ukiwaka.

10 Agosti

Tumemzika. Abdiwahab alileta mchele na sukari akakaa chini na watu wa msiba mpaka jioni, kimya, akivuta tasbihi. Nilikuwa nimezoea kumwona kama mtu wa kelele. Kila aliyekuja alisema alikuwa mzee, ameshiba siku. Adhel alimwambia kila aliyekuja kwamba mimi nilimpa chumba, blanketi na moto. Alivitaja kwa mpangilio huo. Wazee wa Kinuer walinishika mkono mmoja mmoja.

22 Agosti

Mvua. Banda la ndama limepata paa jipya. Adhel amerudi huko.

30 Agosti

Pitia anauliza kama auzibe kweli mfereji, maana sijamwambia tena. Nikasema aache. Ni mali ya Abdiwahab.

14 Septemba

Mvua. Nimerudia chokaa ya ukuta wa ndani kwa mikono yangu. Imekauka vizuri.

2 Oktoba

Mvua zimepungua. Adhel amesema jahazi liko njiani.

10 Oktoba

Gatkuoth amefika. Ni mrefu, mpole, mwenye alama za Kinuer kwenye paji la uso na Kiswahili cha Kakuma kama cha mkewe, walisoma darasa moja. Aliniletea samaki wakavu wa Malakal waliofungwa kwa majani. Aliweka mzigo mezani kwa mikono miwili.

"Adhel ameniambia kila kitu," akasema. "Mimi mwanawe sikumpa mama paa. Wewe mgeni ulimpa."

Nikasema hajaambiwa kila kitu. Nikamwomba ashuke nami kwenye chumba cha maziwa.

Nilifungua kizibo mbele yake, yakaingia maji yaliyobaki ya birika. Nikamwonyesha mahali pa mkeka. Akaketi hapo, mimi nikaketi mkabala. Nilimweleza mfereji, na ukuta uliokuwa ukitoa jasho, na kliniki, na wageni wa hoteli. Sikuruka kitu. Alisikiliza akitazama chini. Nilipomaliza, alikuwa amekumbatia magoti kwa baridi, na sidhani kama alijua.

"Alikuwa na moto?" akauliza.

"Aliomba mara mbili. Nilikataza."

"Kwa nini?"

"Ungeharibu chokaa. Na harufu ingekaa kwenye maziwa."

Alitazama kuta zote nne taratibu. Kisha akapanda ngazi. Nilidhani anaondoka na sikumlaumu. Lakini alirudi na kapu la samadi, ile iliyobaki ya Agosti, na kaa la moto kwenye kipande cha bati. Adhel alisimama juu mlangoni, hakushuka. Gatkuoth alipiga magoti katikati ya chumba akawasha. Sikumzuia.

Moshi ulitoka mwingi, mweupe. Ulizunguka kidogo, ukasimama. Kisha ukapanda wote, umenyooka, ukaingia kwenye ule uwazi wa mgongo wa paa na kutoka nje. Nilikuwa nimeiona hewa ya chumba ikifanya hivyo. Aprili, na vumbi la chokaa, nikiwa nimesimama palepale nikitazama juu.

Tulikaa mpaka samadi ikawa majivu. Chumba kilikuwa kimepata joto. Gatkuoth aliinuka, akapitisha kiganja ukutani kutoka kona moja mpaka nyingine, akakitazama, akanionyesha. Kilikuwa cheupe kwa chokaa, bila masizi. Alipanda ngazi, akamshika mkewe mkono, wakaenda.

Samaki wake wako mezani. Sijawafungua.

13 Oktoba

Hakuna mvua. Mashine ya kupoza imeletwa leo. Abdiwahab alishuka kabla haijaingizwa, akagusa kuta, akavuta hewa kwa pua kila kona, maana nami nilimfundisha kwamba maziwa hushika harufu. Akasema hasikii harufu yoyote, na moto wa Gatkuoth ulikuwa wa siku tatu tu zilizopita. Akaniuliza kama kuna kasoro ya chumba anayopaswa kuijua.

Nikamwambia chumba hakina kasoro.